Chupa Iliyotikiswa

Ipo asubuhi moja ya miaka ya tisini ambayo hainitoki akilini, mwanangu, na wala sitaki initoke. Nilikuwa kijana, msaidizi wa maabara katika sekondari moja hapa Ifakara. Mwalimu wangu wa kemia alikuwa kitandani kwake, mtaa wa Viwanja Sitini. Ugonjwa ulikuwa umemmaliza, amebaki macho tu.

Kwenye dirisha la sebule aliweka chupa ya maji yenye vichembe vya silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Vyake vilikuwa vya mviringo, vinalingana, vidogo hata jicho halikioni kimoja kimoja. Alinieleza kwamba vikiachwa vizame polepole vitajipanga vyenyewe, safu juu ya safu, na mwanga ukizipiga safu hizo utatoa rangi, ingawa hakuna rangi iliyotiwa. Ila chupa isiguswe. Tulingoja wiki nyingi, naye akizidi kudhoofu. Kila nikiingia, kabla sijamaliza shikamoo, aliuliza, "Vipi chupa?"

Asubuhi hiyo nilikuta chini ya chupa kijani kinang'aa, na nikiinamisha kichwa kinakuwa chekundu. Nikakimbia kumwambia. Akalia, mwanangu, mtu mzima yule. Nikatoka kumwita jirani ili tumbebe mpaka dirishani.

Tuliporudi, mama yake, aliyekuja kutoka Michenga kumuuguza, alikuwa amesimama kando ya kitanda, chupa mkononi. Maji yote yalikuwa meupe kama maziwa.

"Si ndiyo dawa unayoiulizia kila siku?" alimwambia mwanawe. "Nimeitikisa vizuri, baba."

Hospitali ndivyo walivyomfundisha: dawa ya maji hutikiswa kwanza. Mimi hasira zilinipanda. "Mama, umefanya nini?"

"Nyamaza," mwalimu akanikata. "Mpe mama kiti." Kisha akamgeukia. "Asante, mama. Nitainywa baadaye." Akaikumbatia chupa kifuani.

Alikufa kabla vichembe havijatua tena. Mama yule alirudi Michenga akisema dawa ilichelewa, na hakuna aliyemwambia vingine.

Mwanangu, kazi yako ilinde, uipe muda wake. Lakini anayekupenda akiiharibu bila kujua, na hakuna tena cha kurudisha, usimtwishe mzigo huo. Ubebe wewe. Inauma, sikudanganyi. Mungu akujalie moyo wa kuuweza ukimya ule, na siku utakapokosea wewe, akupe mtu wa kukunyamazia.