Risasi za Nyota

Ranchi niliyofanyia kazi ilikuwa kati ya Garsen na Tarasaa, ndani kidogo ya barabara, penye nyasi ndefu na vichaka vya misuaki. Kwetu ni Golbanti, watu wa mpunga na ndizi, na sikuwa na habari nyingi za ng'ombe. Niliajiriwa kuwalinda na simba kwa sababu nilijua kulenga. Nilikuwa nimevaa sare ya serikali miaka michache, nikafundishwa bunduki, kisha goti likaharibika nikarudishwa nyumbani.

Ranchi ilikuwa na bunduki mbili zenye leseni, za zamani, za kuvuta komeo kila unapopiga. Moja nilishika mimi. Nyingine alishika mwenzangu, Muorma mmoja aliyenizidi kama miaka kumi, mtu wa kusoma nyayo. Akitazama ukwato kwenye tope aliweza kukwambia ng'ombe yule ana mimba au hana. Bunduki lakini hakuizoea. Aliibeba begani kama fimbo ya kuchungia, na kila nilichomwambia juu yake alikishika kama sheria.

Meneja alitoka bara. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti. Katika miaka mitatu sikumsikia akifoka hata mara moja. Alipenda kulenga shabaha kuliko alivyopenda ng'ombe. Kila mwezi aliteremka Mombasa kushindana kwenye klabu fulani, akarudi na vikombe vidogo vya bati alivyovipanga dirishani ofisini.

Risasi ndizo zilizomsumbua. Alizozipenda zilikuwa mpya, za kutoka ng'ambo, kwenye boksi la kijani, nazo zilikuwa ghali. Mwaka ule wa kabla ya mafuriko wenye ranchi walimwambia apunguze matumizi, akarudi kutoka Mombasa na debe zima la risasi kuukuu za kijeshi, zilizofungwa kwenye karatasi ya kahawia. Bei yake ilikuwa ya kutupa.

"Zijaribu," akaniambia. "Nataka kujua zipi za kuaminika."

Nikafanya kazi ile kwa juma zima, na sitaficha, niliifurahia. Niliweka katoni ya biskuti kwenye tuta nyuma ya josho la ng'ombe, hatua mia moja, nikalala juu ya gunia la mchanga. Za boksi la kijani nilipiga tano, zote zikaingia mahali ungeweza kufunika kwa kiganja. Za debe zilikuwa kila moja na tabia yake. Nyingine ilipiga chini, nyingine juu. Nyingine ilitoa mlio wa komeo tu, ka, basi. Na kulikuwa na zile mbaya zaidi, zilizochelewa: unavuta, kimya, unadhani imekufa, kisha inalipuka. Ukiwa umeshafungua komeo, inakulipukia usoni.

Mwenzangu alikuwa akikaa pembeni kunitazama. Nikamfundisha. "Ikinyamaza, usifungue. Iache bunduki ielekee mbele, hesabu mpaka kumi. Ukifika kumi, ndipo ufungue."

"Mpaka kumi," akasema.

"Hata iweje."

Akarudia kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwa Kiswahili, maana nilimfundisha kwa Kiswahili.

Siku ya nne niliona kitu. Chini ya maganda kulikuwa na alama zilizogongwa kiwandani, na baadhi, kama moja katika kila tano, zilikuwa na nyota ndogo. Fataki zake, zile kofia ndogo za kuwashia baruti, zilikuwa safi, hazina kutu ya kijani, na shingo ya ganda haikuwa na ufa. Nikazitenga, nikapiga ishirini. Zote ishirini zililia papo hapo, na kwenye katoni zilikaa karibu karibu, si kama za kijani lakini karibu sana. Nilikimbia ofisini na katoni ile, goti bovu na yote.

Meneja aliigeuza geuza. "Kazi nzuri," akasema. "Lakini hizi zina ncha ngumu. Je, zinaangusha mnyama?"

Palikuwa na punda mzee wa ranchi, wa kuvuta maji, mwenye kidonda mgongoni kisichopona. Mwenzangu ndiye aliyekuwa akimpaka majivu kile kidonda. Meneja akaagiza punda afungwe kwenye kigingi pale kwenye tuta, akalala yeye mwenyewe kwenye gunia langu. Alipiga risasi ya nyota ubavuni, nyuma ya mguu wa mbele. Ikaingia, ikatokea upande wa pili, vumbi likaruka kwenye tuta. Punda akaendelea kusimama. Aligeuza shingo akatutazama.

Niliinua bunduki nimmalize. "Ngoja," meneja akasema, akitazama saa yake ya mkononi.

Tukangoja. Damu ilikuwa ikitoka puani kwa mapovu. Mwenzangu aliweka mikono kichwani, akaondoka bila kuomba ruhusa. Punda alipopiga magoti, meneja aliandika kwenye kidaftari chake, kisha akampiga ya boksi la kijani, ya ncha laini, na punda akalala kama aliyekatwa kamba. "Tofauti ni kubwa," akasema, akashuka kwenda kupima tundu kwa vidole.

Nilidhani baada ya hapo angetugawia sisi wawili za kijani, maana sisi ndio tuliokuwa tukifuata simba. Jioni aliniita ofisini, akaipanga hesabu mezani kwa utaratibu. Za kijani ni za mashindano. Za nyota, kwa vile ni rahisi na hazikosi, ni za kufanyia mazoezi. Zilizobaki ni za ulinzi.

"Zilizobaki zinanyamaza, bosi," nikasema. "Tatu katika kumi."

"Kwa hiyo saba zinalia." Akatabasamu. "Kwenye klabu risasi ikinyamaza napoteza alama. Simba hahesabu alama."

Nilirudi chumbani, nikafungua mfuko wa risasi za nyota niliotakiwa kumpelekea meneja asubuhi, nikatoa nane, nikaziweka ndani ya soksi. Nane hazingegawanyika? Zingegawanyika nne kwa nne, hata mtoto anajua. Nilimpelekea mwenzangu za kwake kutoka debe la ulinzi.

Alizipokea kwa mikono miwili. "Hizi umechagua wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi mimi iko sawa."

Nilikuwa nimezichagua kwa kweli, kwa maana ya kuondoa zenye kutu iliyoonekana wazi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Mafuriko makubwa yakaja, mto ukavunja kingo, mashamba ya kwetu yakawa ziwa. Ng'ombe walijibana kwenye ardhi iliyoinuka, wakafa kwa kwato kuoza na kwa homa. Maji yalipoanza kurudi nyuma, simba jike mmoja mwenye mguu mbovu alizoea ndama wetu. Alichukua watatu kwa siku kumi, wawili kati yao wa mwenzangu mwenyewe, aliokuwa akiruhusiwa kuwalisha pamoja na wa ranchi. Meneja akaomba kibali, barua ikaja, tukaambiwa tumfuate.

Tulimkuta siku ya pili, asubuhi, jua limeshapanda. Nyayo ziliingia kwenye kichaka cha misuaki, naye alikuwa amelala kwenye uwazi mdogo, juu ya mifupa ya ndama. Hatua ishirini hivi. Alituona. Hakukimbia, kwa ule mguu. Alijibana chini, masikio yamelala, mkia unagonga majani.

Tulikuwa tumekubaliana apige yeye kwanza kwa kuwa ndama walikuwa wake. Mimi nilisimama kushoto kwake, hatua nne au tano nyuma, nimeshalenga. Akavuta.

Ka.

Akaanza kuhesabu. Kwa sauti ya chini, bunduki imeelekea mbele bila kutikisika, kama nilivyomfundisha. Moja. Mbili.

Nilikuwa na nafasi ya kupiga. Sitasema sikuwa nayo. Kichwa cha simba kilikuwa juu ya ncha ya mtutu wangu, na ndani ya chemba kulikuwa na risasi ya nyota ambayo nilijua haitanyamaza. Nimejiuliza maswali mengi kuhusu zile sekunde, na jibu ninaloliamini siku nyingi ni baya: nilikuwa nikiomba yake ilie. Ingelia kwa kuchelewa, ningekuwa sijafanya kosa.

Tatu. Alifika nne.

Simba alitoka chini kama kitu kilichorushwa. Alimwangusha chali, na mimi sikuweza kupiga tena kwa sababu walikuwa kitu kimoja. Mwenzangu alimwingizia mkono wa kulia kinywani ili asifike shingoni. Nilisikia mfupa. Hakupiga kelele, alikuwa akiguna tu, kama mtu anayebeba mzigo. Nilizunguka, nikaenda karibu mpaka nikaona sikio, nikapiga. Ikalia papo hapo. Simba akamlalia.

Nikavuta komeo, ganda likaruka likaanguka kwenye majani karibu na mguu wangu. Nikainama, nikaliokota, nikalitia mfukoni. Baada ya hapo ndipo nilipoenda kumtoa mwenzangu chini ya simba.

Alikuwa ananitazama muda wote.

Barabara ya Garsen ilikuwa bado imekatika. Wachungaji walimbeba kwa turubai, kisha tukapata mtumbwi, na tulipofika hospitali ilikuwa siku ya pili na mkono umeshaanza kunuka. Waliukata juu ya kiwiko. Taya la upande mmoja lilishonwa, na mpaka leo akinywa chai lazima ashike kitambaa.

Meneja alikuwa amekuja palepale kichakani, akamtazama simba kabla ya kuuliza habari za mtu. Alitia kidole kwenye tundu la sikio. "Risasi moja," akasema. "Ya wapi hii?"

"Za debe," nikasema.

"Unaona sasa. Nilikwambia saba zinalia." Akanipiga bega kidogo. Mwezi uliofuata alinichukua Mombasa nikapige kwenye klabu yake, na watu waliovaa kofia nyeupe walinipa soda na kunitaka niwasimulie.

Mwenzangu aliporudi kutoka hospitali, meneja alimpokea kwa upole uleule. Alimpa kiti. Akamweleza kwamba komeo linavutwa kwa mkono wa kulia, na kwamba kazi ya mlinzi ni bunduki. Mwenzangu akasema anaweza kusoma nyayo, nyayo hazihitaji mkono. Meneja akasema atalifikiria, na siku ileile akaniagiza nimnyang'anye koti la ranchi. Nilikwenda kulichukua. Alikuwa anashindwa kulivua peke yake, nikamsaidia.

Tukiwa pale, koti limebaki kwenye bega moja, akaniuliza, "Ile siku, wewe naokota nini chini, kabla kuja kwangu?"

Nilikuwa nimelitayarishia jibu swali hilo tangu kwenye mtumbwi. "Kisu changu," nikasema. "Kilianguka."

"Kisu iko muhimu," akasema, akatoa bega lake kwenye koti.

Sijui aliniamini au hakuniamini. Nilijua tu kilichofuata. Baada ya mwezi mmoja ndugu zake watatu walikuja mpaka kwetu Golbanti na mtamba mwekundu wa pembe fupi. Walikataa kukaa. Mkubwa wao alisema ndugu yao amewatuma, kwa sababu mtu akikutoa kinywani mwa simba haachwi mikono mitupu. Mama yangu alilia kwa fahari. Nikaishika kamba.

Mtamba yule alizaa. Tulikunywa maziwa yake miaka mingi, na watoto wangu walikua nayo. Meneja alihamishwa na wenye ranchi, sijui alikwenda wapi; vikombe vyake aliondoka navyo vyote. Mimi niliacha kazi mwaka huohuo. Risasi zilizobaki kwenye soksi nilizitupa mtoni siku ya kuondoka, na nilipozihesabu zilikuwa saba.

Mke wangu nilimweleza, si mara moja, ilinichukua miaka. Alikuwa akipepeta mpunga. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha ungo. Nikamwambia nataka kwenda kumwambia yule mzee ukweli.

"Ili nani apone?" akauliza.

Niliokota punje zilizoruka nje ya ungo.

"Mkono hana," akasema. "Kazi hana. Amebaki na rafiki aliyemwokoa. Ukienda kumwambia, utamchukulia na hicho."

Huenda alikuwa sahihi, huenda alikuwa anamfikiria ng'ombe. Sikwenda.

Nilikutana naye mara ya mwisho Tarasaa, nje ya duka la chai. Alikuwa amekaa na wanaume wa kwao, mkono wa shati umefungwa fundo. Aliponiona aliinuka kwa shida, akawaambia wenzake kwa lugha yao maneno marefu, na wote wakanigeukia. Mmoja aliniachia kiti chake. Mzee akanishika mkono kwa mkono wake wa kushoto, akaubana kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akawa ananitazama usoni, akitabasamu kwa ule upande wa taya unaoweza kutabasamu.

"Kaa," akaniambia. "Kaa hapa karibu yangu."

Nikakaa.