Nilipohamia Ng'ambo ya Pale Tu

Siku niliyoagwa kwenda kuishi nje ya nchi, kwaya ya kanisani kwetu Ihanda iliimba mpaka mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza akashindwa kumaliza. Alikaa chini kwenye benchi akajifunika uso kwa kitambaa. Mchungaji aliniombea safari njema, kisha akawaombea na wale ambao huenda tusionane nao tena duniani. Hapo mama mkubwa, dada yake mama yangu, akaangua kilio kilichosikika mpaka barabarani. Nilipewa blanketi zito, sanduku la bati la rangi ya kijani na masufuria mawili. Jirani yetu mmoja alinishika mkono akanisihi nikifika nipige picha kando ya ghorofa, nimtumie.

Nilikuwa nahamia Nakonde.

Kwa asiyepajua, Nakonde ni Zambia, hilo halina ubishi. Lakini Nakonde na Tunduma ni kama mji mmoja uliokatwa katikati na mpaka. Ukisimama Tunduma ukamwita mtu wa Nakonde kwa jina, anageuka. Na kutoka kwetu Ihanda mpaka Tunduma, lori la mahindi lilikuwa halimalizi saa mbili, hata likisimama njiani kupakia mkaa.

Mtaniuliza, wewe hukujua? Sikujua, na zaidi ya hapo sikutaka kujua. Nilikua na hadithi za mjomba wangu aliyefanya kazi kwenye migodi ya shaba huko Zambia enzi za ujana wake. Kwa mjomba, Zambia maji yalitoka ukutani, taa ziliwaka barabarani hata kama hakuna mtu anayepita, na mfanyakazi wa kawaida alikunywa chai kwa mkate uliopakwa siagi. Halafu ikaja ile miaka ya themanini ambapo dukani kwetu kulikuwa na rafu tu na muuzaji. Sabuni na sukari zilizotufikia zilipenya kutoka upande ule ule wa Zambia. Tulikuwa tunainusa sabuni kwanza, ndipo tunaoga. Basi kichwani mwangu Zambia ikawa kitu kimoja kikubwa chenye taa na siagi, kila kona yake sawa na nyingine.

Mume wangu nilikutana naye gulioni Mlowo, alikokuja kununua maharage. Alikuwa Mnamwanga wa upande wa Zambia, mpole, mwenye kibanda cha spea za baiskeli. Aliniambia tangu siku ya kwanza, "Mimi naishi Zambia, pale mpakani." Masikio yangu yakachukua Zambia, yakaacha pale mpakani. Alipokuja kujitambulisha nyumbani na wazee wakamwuliza anaishi Zambia ipi, niliwahi kujibu mimi, nikasema ni mjini. Alinitazama, akatazama chini, akachukua kikombe chake cha chai. Kwa hiyo katika yote nitakayosema hapa, yeye simlaumu.

Basi tukafika. Lori lilitushusha Tunduma, tukapakia sanduku la kijani kwenye baiskeli ya mbeba mizigo, tukavuka kwa miguu. Nikawa natembea huku nangoja safari ianze. Mume wangu akasimama mbele ya nyumba ya vyumba viwili yenye bati lililoshika kutu, akasema, "Karibu nyumbani." Niligeuka nyuma nikaliona lile lori lililotuleta bado linageuza.

Maji tulinunua kwa madumu. Taa zilikuwepo nyingi, lakini zilikuwa za malori yaliyopanga foleni kusubiri kuvuka. Na siagi? Miaka ile ya tisini mambo yalikuwa yamegeuka. Tunduma maduka yalifurika bidhaa kutoka Dar es Salaam, na Wazambia ndio waliokuwa wakivuka kuja kununua. Mimi mwenyewe, mkazi wa ughaibuni, nilivuka kila wiki kurudi Tanzania kununua mafuta ya taa na dagaa. Alfajiri niliamshwa na adhana ya msikiti wa Tunduma. Nilikuwa nalala Zambia na kuamshwa Tanzania.

Ningekuwa na akili timamu ningecheka, nikapanda lori la mahindi Jumapili iliyofuata nikaenda kuwachekesha na wenzangu. Lakini ningerudije? Watu walikuwa wamelia! Kwaya nzima! Ningeingiaje kanisani baada ya wiki mbili na blanketi lile bado lina harufu ya dukani? Nilijiona tapeli. Nikaamua nitakaa kimya mpaka mume wangu apate mtaji tuhamie Lusaka, kule kwenye maghorofa, ndipo nitakapokwenda kusalimia kwa kichwa juu.

Nikaanza kuandika barua. Mama yangu hakujua kusoma, barua zilisomwa na mchungaji, na kwetu barua ikisomwa na mchungaji imesomewa kijiji kizima. Niliandika kwamba huku taa ni nyingi sana na magari hayaishi, jambo ambalo si uongo. Nikimaliza kuandika naificha chini ya godoro wiki tatu, ndipo nampa dereva wa lori aipeleke. Sikutaka barua kutoka ng'ambo ifike siku ile ile ilipoandikwa. Leo nikikumbuka zile barua zikichakaa chini ya godoro ili zionekane zimesafiri, najionea huruma na kujichukia kwa pamoja.

Mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimekolea, nilivuka kwenda kununua mafuta ya taa kama kawaida. Nikapita sokoni upande wa Tunduma, pale ambapo wauza nafaka hutandika magunia yao mita chache tu kutoka mpakani. Nikamwona mama.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa sweta yake ya zambarau, mbele yake gunia la maharage na kopo la kupimia. Kichwa chake kilielekea ng'ambo. Nikavuta kitenge nikajifunika kichwa mpaka nyusi, kama wafanyavyo akina mama wakikimbia mvua, nikageuza njia. Mafuta ya taa sikununua. Mume wangu aliporudi jioni alinikuta nimekaa gizani.

Siku ile ile ya wiki iliyofuata alikuwepo tena, na iliyofuata pia. Mama yangu hakuwahi kuuza kitu Tunduma maishani mwake. Maharage yetu yalikuwa yakiuzwa Mlowo, kahawa ikienda kwenye chama cha ushirika. Nikajiambia maisha yamewabana, maana siku hizo chama kilikuwa kinayumba na wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wakija na mizani yao na bei ya kwao. Nikaona, mama yangu anatafuta sabuni kwa kukaa juani na mimi nimejificha ng'ambo ya barabara nikimwandikia habari za taa. Kila gulio nilijitanda kitenge, nikapita kwa mbali, nikamtazama, nikarudi. Nilikuwa nikifika nyumbani nalia, kisha naosha uso kabla mume wangu hajarudi.

Mimba ikaja. Kwetu mzazi wa mara ya kwanza hukaliwa na mama yake. Yeye ndiye humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji wa ulezi, humwonyesha namna ya kumshika mtoto. Lakini kwetu vilevile mama hatii mguu kwa mkwewe mpaka binti amwite, na mwito huo hauendi mikono mitupu. Hupelekewa doti ya kanga, na akiipokea, hapo ndipo anaruhusiwa kuvuka kizingiti. Bila kanga hata kama binti yake anaishi nyumba ya pili, atapita mlangoni bila kuingia. Kwa hiyo yote yalikuwa mikononi mwangu.

"Mwite mama," mume wangu aliniambia tumbo lilipoanza kuonekana.

"Tukihamia Lusaka."

"Mtoto hasubiri Lusaka."

"Akija hapa ataona nini? Ataona Tunduma!"

Alichukua dumu akaenda kununua maji. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Mvua zikaisha, baridi ya mwezi wa sita ikaja ikapita, vumbi likaanza. Mwezi wa nane nilikuwa siwezi tena kuinama kufunga viatu. Nikaogopa kuzaa, nikaogopa sana, sina haya kulisema. Siku moja ya gulio, badala ya kupita kwa mbali, niliingia kwenye duka la kanga lililotazamana na wauza nafaka. Mwenye duka alikuwa Mwislamu mmoja wa makamo kutoka Ujiji, mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono na maneno mengi.

"Karibu dada. Hizi zimefika juzi, hata ukunjo haujafunguka."

Nilijifanya nachagua. Kisha nikamwuliza kana kwamba ni jambo la kupita tu, "Yule mama wa sweta ya zambarau, maharage yake bei gani?"

Akacheka. "Yule? Achana naye, dada. Wenzake wote wanauza kwa bei ya watu, yeye anataja mara mbili. Mteja akikasirika akaondoka, yeye anafurahi. Juzi juzi Mzambia mmoja kaikubali bei ile ile, bibi wa watu akasema samahani, gunia limeshachukuliwa."

"Sasa anakuja kufanya nini?"

"Nilimwuliza mwenyewe. Akaniambia, nikiyamaliza, nitakaa hapa kwa kisingizio gani? Ana binti yake ng'ambo hapo. Dereva aliyempelekea barua aliropoka kwamba amepewa asubuhi hiyo hiyo, Nakonde. Basi tangu mvua zilipokolea anakuja kumwona akipita. Anasema hupita amejifunika kitenge, ana mimba, na siku hizi anatembea ameshika kiuno." Akakunja kanga moja, akashusha sauti. "Nikamwambia, mama, si umwite? Akasema, yeye ndiye wa kuniita."

Mkono wangu ulikuwa kiunoni. Niliuona umekaa hapo, na mwenye duka naye akauona.

Nilinunua doti moja kwa pesa yote ya mafuta ya taa na dagaa. Sikumbuki hata ilikuwa ya rangi gani. Nikavuka uwanja ule wa vumbi, kitenge kikiwa mabegani. Mama aliniona nikija. Hakusimama, wala hakuita. Alishika kopo lake la kupimia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatembea sana juani na hali hiyo."

Nikapiga magoti kwa shida, nikamwekea kanga mapajani. "Nimekuja kukuita, mama."

"Mume wako anajua?"

"Ananiambia nikuite tangu baridi haijaanza."

Aliikunjua kanga, akaigeuza upande na upande, akaikunja tena polepole. Kisha akanyanyuka akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Maharage! Njooni mchukue, nafunga!" Akataja bei iliyowafanya wenzake wamgeukie kwa mshangao. Watu wakajaa. Gunia likaisha kabla sijapata pumzi. Lilipobaki tupu niliona chini kabisa kifurushi cha kitambaa kilichofungwa vizuri.

"Nini hicho, mama?"

"Unga wa ulezi. Wa uji wako." Akakipangusa vumbi. "Kila wiki nakuja nao. Nikirudi nauanika usiingie wadudu."

Nililia palepale sokoni, kwa sauti, watu wakitazama. Nilimwomba msamaha kwa barua, kwa kitenge, kwa kila gulio nililompita. Akaniambia ninyamaze, nitamshtua mtoto. Tulivuka pamoja na wabeba mizigo wa baiskeli. Tulipofika mlangoni kwangu, mama aligeuka akatazama tulikotoka, na pale aliposimama aliona kigoda alichomwachia jirani yake wa sokoni. Alikitazama kidogo, akainama akaingia ndani.

Alikaa nami miezi miwili. Nilizaa mtoto wa kike, na mama alimkanda mkwewe kwa maneno mengi ya shukrani mpaka yule mpole wa watu akawa anakimbilia kibandani. Lusaka hatukuhamia. Duka la spea lilikua, nasi tulibaki palepale.

Kilichotokea mama aliporudi Ihanda nilisimuliwa na mama mkubwa miaka mingi baadaye, siku ya tatu baada ya kumzika mama. Alisema wanawake wa kanisa walijaa sebuleni, yule jirani wa picha ya ghorofa akiwa mbele, wakitaka kusikia habari za Zambia. Mama akavua viatu, akanyoosha miguu, akajisugua magoti. Wakamwuliza, je, ni mbali kama tulivyoambiwa?

"Ni mbali," mama alisema. "Mimi nilianza safari na mvua, nikafika kiangazi."