Mpangaji wa Mwisho Ghorofa ya Pili

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa ameishi ghorofa ya pili tangu binti yake akiwa mchanga. Kisha mwenye nyumba akagundua kwamba wageni wa siku mbili tatu, wanaokodi vyumba kwa simu, wanalipa zaidi kuliko wapangaji. Majirani wakafungashiwa virago mmoja mmoja. Hata shoga yake wa mlango wa pili, aliyemsaidia kumlea binti huyo, akahamia kwa kaka yake, mbali huko.

Fundi aligoma kuondoka. Alikwenda manispaa mpaka makarani wakamchoka, na hatimaye sheria ikatoka: nusu ya vyumba vya kila jengo vibaki kwa wakazi.

Akampigia shoga yake huku anahema. “Rudi, dada! Tumeshinda!”

Shoga akajibu: “Mwenzangu, watoto wameshazoea shule ya huku. Nitarudije?”

Simu ilikuwa bado mkononi mlango ulipogongwa. Mgeni wa mlango wa pili alisimama kwenye korido. “Samahani mama, wewe ndiye mhudumu? Taulo hazitoshi.”

Fundi akaingia ndani. Akamletea taulo yake mwenyewe, kisha akajifungia ndani na kulia kwa kwikwi.