Bamia Mbali na Haibiskasi

Mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia, maana hakushona kingine. Magauni aliyakataa, sare za shule alizikataa, na ukimletea suruali ya kupunguza alikutazama kana kwamba umemletea mbuzi amnyoe. Cherehani yake ilikaa kwenye varanda ya nyuma, na mbele yake ndipo ilipokuwa furaha yake: haibiskasi nne, tatu nyekundu na moja ya njano yenye moyo mwekundu, aliyoachiwa na mama yake.

Asiyejua angedhani bustani ile ilipandwa na mlevi. Kila haibiskasi ilizungukwa na mirehani, vitunguu saumu na vitunguu majani, vimebanana chini ya maua. Lakini mwenyewe alijua anachofanya. Harufu ile huwavuruga vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza machipukizi. Matawi aliyafunga kwenye vijiti kwa mabaki ya pindo la vitambaa, kwa sababu kamba hukata gome. Mmea mmoja tu aliupiga marufuku. Bamia na haibiskasi ni ndugu, alizoea kusema, ukiwaweka pamoja, ugonjwa wa huyu ndio ugonjwa wa yule.

Mumewe, fundi bomba, aliicheka bustani hiyo miaka ishirini. Alimuuliza kama anapanda maua au anaandaa mchuzi. Halafu mwaka juzi, ghafla bin vuu, akaanza kuuliza mambo ya maana. Tawi la kupandikiza hukatwa wapi? Saumu ikae mbali kiasi gani na shina? Kwa nini bamia hapana? Jamani, Mama Mapazia alifurahi hadi akaona aibu. Alimshika mkono wenye kisu, akamwonyesha kukata chini kidogo ya kifundo, akamwambia maji ni ya udongo, si ya majani. Alimwambia dada yake kwamba uzee umemrudishia mume. Dada yake akamjibu ashukuru, wenzake uzee umewaletea kisukari tu.

Na kazi za bomba nazo zikaongezeka. Kila Jumamosi kulikuwa na bomba limepasuka mahali, na mara nyingi fundi aliondoka na miche iliyoviringishwa kwenye gazeti bichi, zawadi kwa wateja, alisema. Mkewe ndiye aliyemviringishia.

Jumanne moja Mama Mapazia aliitwa kupima madirisha ya mwalimu mmoja wa chekechea, upande wa pili wa mji, mwanamke mchangamfu aliyeelekezwa kwake na muuza vitambaa. Akapima sebule, akapima jikoni. Alipofungua dirisha la chumbani, harufu ya mrehani ikampiga usoni. Chini yake ilisimama haibiskasi ya njano yenye moyo mwekundu. Saumu iliizunguka pande zote, na matawi yalifungwa kwa pindo la kitambaa cha buluu, kile alichoshonea mapazia ya hoteli mwaka jana.

Akajikaza. Akasema bustani ni nzuri, ila pale pembeni pangefaa bamia.

"Hapana, mama," mwalimu akacheka. "Mume wangu hataki hata kuiona hapo. Anasema bamia na haibiskasi ni ndugu, ukiwaweka pamoja, ugonjwa wa huyu ndio ugonjwa wa yule. Ni fundi bomba tu, lakini kwa maua, we acha. Yote kayagundua mwenyewe."

Tepu ikamponyoka. Mwalimu akaiokota, akamkalisha kitandani, akamletea maji. Alikuwa mwema, na hilo lilizidi kumuumiza Mama Mapazia: hata mtu wa kumchukia hakupata. Akanywa, akaandika vipimo, akaaga.

Njia nzima hakukiwaza kile kitanda. Aliuwaza ule mkono aliokuwa ameushika. Alidhani anapendwa, kumbe alikuwa anafundisha darasa. Roho ilimuuma mpaka akapita lango la nyumba yake mwenyewe, ikabidi arudi.

Jioni fundi aliingia, akachukua debe, akaanza kumwagilia udongo, si majani, kama alivyofundishwa. Mkewe alikuwa varandani akikata kitambaa cha rangi ya maziwa. Fundi akamuuliza ni mapazia ya nani.

"Yako," alisema mkewe bila kuinua macho. "Ya chumbani. Dirisha ni mita mbili na nusu, linatazama haibiskasi ya mama yangu."

Debe likasimama hewani. Fundi akaanza kusema kwamba angemweleza, kwamba hakupanga, kwamba ni mambo yaliyotokea tu.

"Habari zake utanieleza kesho," alisema Mama Mapazia. "Leo nijibu moja. Siku ile nilipokushika mkono nikakuonyesha pa kukata, ulikuwa unanisikiliza mimi, au ulikuwa unamsikilizia yeye?"

Maji yalikuwa yakimwagikia viatu vya fundi. Mkewe alisubiri, mkasi umefunguka juu ya kitambaa, kisha akaendelea kukata, maana mwalimu alikuwa ameahidiwa mapazia kufikia Ijumaa.