Chui wa Kalenga Alipokuja Kuposa

Wakuu, mmeshawahi kuona wazee wawili, mmoja ana presha, mwingine ana nyonga mbovu, wamevua makoti wanakabana sebuleni siku ya posa?

Mimi nimeona. Hapa hapa Uyole, Mbeya, mchana kweupe, soda ziko mezani.

Tulieni niwape mkasa.

Baba yangu mdogo anaitwa Anyelwisye. Ukimkuta kijiweni pale kwa fundi viatu utadhani ngumi kazibuni yeye. Bondia wa siku hizi kwake si bondia.

"Hawa wanapigana au wanapiga picha?" ndiyo wimbo wake. "Siku ya kupima uzito wanatukanana mpaka mishipa inawatoka. Kengele ikilia wanakumbatiana kama ndugu waliopotezana stendi. Raundi ya nne mtu anahema, anatafuta kiti. Zamani sisi tulisikiliza ngumi redioni tu, na bado tulitoka na manundu!"

Hiyo ni ngumi. Ukigusa mieleka ndiyo umeharibu kabisa.

Enzi za mabanda ya video hakukosa mkanda hata mmoja. Lile jitu la kufufuka kutoka kwenye jeneza, yeye aliamini limefufuka. Mtu akipigwa kiti cha chuma mgongoni, baba mdogo ndiye aliyeamka anaumwa mgongo. Leo ana sitini na kitu, ana simu janja mfukoni, bado anakwambia mieleka ni kweli tupu.

Na ana sababu yake.

Mwaka themanini na tisa alipanda ulingoni mwenyewe, Iringa mjini, na kundi moja la maonyesho lililokuwa linazunguka na mazingaombwe na sarakasi. Akajiita Radi ya Rungwe. Akamwangusha Chui wa Kalenga, mwanamume wa shoka aliyevaa kinyago cha kitambaa cha madoa madoa, akamwangushia kwao, mbele ya Wahehe wenzake. Siku hiyo hiyo akapata mchumba, binti wa Kihehe aliyekuwa mstari wa mbele. Huyo ndiye mama mdogo Evarista.

Hadithi hiyo tumelishwa kwenye ubatizo, kwenye harusi, mpaka msibani. Kila akiisimulia, Chui anaongezeka kilo.

Ingekuwa porojo tu, tungevumilia. Shida ni Happy, binti yake wa pekee.

Kila mchumba akija, baba mdogo ana swali moja: "Mieleka ni kweli au maigizo?"

Gwakisa, mwalimu wa fizikia kutoka Tukuyu, kijana mtulivu kabisa, akaanza kueleza habari za uzito na mwendo kasi. Hakumaliza. Barua yake ya posa alirudishiwa mlangoni. Wa pili, daktari wa mifugo wa Igawa, yeye alicheka tu. Kucheka tu! Naye akaondoka.

Happy sasa ana thelathini na mbili. Alipompata Kalinga, fundi wa mashine za maji kutoka Iringa, alinifuata macho yamemvimba.

"Kaka Abrahamu, posa hii nayo ikivunjika, mimi naondoka hapa nyumbani na sirudi. Nimechoka kukataliwa kwa ajili ya watu wanaopigana wamevaa chupi."

Hakuwa anatania. Begi alikuwa ameshalifunga.

Nikampigia Kalinga simu. "Shemeji, mwambie mshenga wako, akiulizwa aseme mieleka ni kweli. Ikibidi aape."

"Mshenga ni baba mkubwa, na amesema atajibu mwenyewe," akasema.

Nikaona tumekwisha.

Siku ikafika. Muoaji kwa desturi haingii, kwa hiyo Kalinga alibaki kwenye gari barabarani, anatafuna kucha. Aliyeingia ni mshenga, Mzee Joachim, na wenzake wawili. Kipara kinang'aa, miwani mizito, anachechemea na fimbo.

"Kamwene!" akasalimia kwa Kihehe, mama mdogo akaitikia amefurahi kusikia lugha ya kwao.

Tukawapiga faini ya kuingia bila kukaribishwa, tukawapiga nyingine ya kukaa kabla ya kuambiwa. Ndiyo mchezo wenyewe, wakalipa huku wanacheka. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa familia, basi nikaendesha mambo haraka haraka ili tufike kwenye mahari kabla mzee hajafungua mdomo.

Wapi! Baba mdogo akakohoa.

"Mshenga, kabla sijapokea barua. Mieleka ni kweli au maigizo?"

Happy alikuwa nyuma ya pazia. Niliona vidole vyake vimelikamata.

Mzee Joachim akavua miwani, akaifuta taratibu kwa leso.

"Maigizo," akasema.

Yesu wangu!

Baba mdogo akasimama kama ameng'atwa na siafu. "Chukueni barua yenu! Mlango mnaujua! Mimi nimemwangusha Chui wa Kalenga kwa mikono hii, halafu mtu anakuja kunywa soda yangu ananiambia..."

"Radi," mshenga akamkatiza kwa upole. "Kaa chini. Siku ile ilikuwa zamu yako kuanguka."

Baba mdogo alibaki kidole hewani, anamkagua yule mzee. Kipara, mabega, mpaka kwenye nyonga. Kisha akakaa.

"Chui?"

"Ndiye mimi."

Mzee Joachim akatugeukia sisi. "Tulipanga mchana, tunakula ugali nyuma ya ukumbi. Mimi niko nyumbani, mimi nishinde, Radi aanguke. Tumefika katikati, nimemkumbatia nataka kumbwaga, akaninong'oneza: 'Kaka, nakuomba, anguka wewe. Kuna binti mstari wa mbele amesimama kwa ajili yangu.' Nikamwonea huruma. Nikajirusha vibaya, nyonga ndiyo hii mnayoiona. Wahehe wenzangu walinizomea mpaka Kalenga."

Akamgeukia baba mdogo. "Nilikupa zamu yangu, ukapata mke. Leo nimekuja kuidai, kijana wangu naye apate wake."

Baba mdogo alikuwa anamtazama mkewe, machozi yanamlenga. Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote ile mzee hakuwa anatetea mieleka. Alikuwa anaogopa mama mdogo asije akajua kwamba aliolewa kwa ushindi wa kuomba. Nilimwonea huruma kweli, kama nusu dakika hivi.

Mama mdogo akaweka trei chini.

"Anyelwisye, mimi nilikuona ukinong'ona. Nilikuwa mstari wa mbele, sikuwa Makambako."

"Ulijua?"

"Tangu siku hiyo."

"Lakini... si ulisimama kwa ajili yangu?"

"Nilisimama kwa ajili ya Chui wa kwetu. Walipombeba kumtoa nje, ndiyo nikakuta umebaki wewe, unanichekea."

Jamani! Wenzake mshenga walijiziba nyuso kwa kofia. Mzee Joachim akavaa miwani upesi, akaanza kunyoosha tai.

Mama mdogo akamtazama kuanzia kwenye kipara mpaka kwenye fimbo.

"Ila alikuwa na kinyago," akasema. "Sura nimeiona leo." Akamgeukia mumewe. "Mungu alijua anachofanya."

Halafu uso ukambadilika.

"Sasa faini. Leo faini ni ya mwenye nyumba. Umewafukuza watoto wa watu kwa uongo unaoujua wewe mwenyewe. Miaka ya mwanangu umeichezea hivi hivi tu. Vua koti, uanguke."

"Evarista, nina presha."

"Anguka polepole."

Makoti yakavuliwa. Wakakabana kati ya kabati la vyombo na meza ya soda, wanahema utadhani wamebeba magunia ya viazi. Happy akatoka nyuma ya pazia bila kuitwa. Mzee Joachim akamgusa bega tu, baba mdogo akajiachia kwenye zulia, chali.

Mama mdogo akapiga magoti, akapiga zulia kwa kiganja. Moja, mbili, tatu.

"Haya, sema. Mieleka ni nini?"

"Maigizo," mzee akajibu kutoka chini. "Pokeeni barua."

Happy alimwangukia babake pale pale zuliani, analia. Kalinga aliposikia vigelegele alikuja mbio, akamkuta mkwe wake amelala chali na mchumba analia juu yake. Akapiga yowe, akidhani tumeua mtu.

Funzo ni hili, wakuu. Mwenzako akikuachia ushindi, ufurahie kimya kimya. Usiugeuze mtihani wa kuwafelisha watoto wa watu.

Harusi ni Desemba, Iringa. Juzi nimepita kijiweni, nikamkuta baba mdogo anawasimulia pambano la marudiano na Chui wa Kalenga. Eti alikuwa anaongoza kwa pointi.

"Tatizo lilikuwa refa," anawaambia. "Refa alikuwa mke wangu."