Jinsi Nilivyokitetea Kipindi cha Alhamisi

Mimi Mishi, mtu wa Kisauni, Mombasa, sikuingia kamati ya wazazi ya shule yetu huku Uarabuni kwa akili. Niliingia kwa mdomo. Siku ya uchaguzi wazazi wote wa Afrika Mashariki walikaa kimya wakitazama simu zao, na mimi kimya sikiwezi, nikauliza mbona basi la watoto halina ubaridi. Papo hapo nikawa mwakilishi. Mume wangu Mubin, karani wa mizigo kwenye gati za Deira, alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Akasema shule imejitakia yenyewe.

Basi mchana nauza manukato dukani Al Barsha, nawaita wateja madam na sir, jioni mimi ndiye ninayeitwa madam. Nilinunua mkoba wa kubebea makaratasi ya kamati. Makaratasi yalikuwa mawili, lakini mkoba ulikuwa mkubwa na nikitembea nao watu walinipisha.

Mwaka huo, 2017, serikali ya huku ilitoa amri kwamba shule zifundishe somo jipya la maadili kila wiki. Kiarabu nacho kilikuwa lazima tangu zamani. Siku ya shule hairefuki kwa amri, kwa hiyo kuna kitu lazima kingetoka, na Madam Justine, mwalimu mkuu wetu, alipotazama ratiba akaona cha kutoka ni kipindi cha Kiswahili. Kilikuwa kimoja tu kwa wiki, Alhamisi mwisho wa masomo, kikifundishwa na bibi mmoja wa Unguja, Mwalimu Hilwa. Kingetolewa, watoto wetu wasingekuwa na mahali pengine popote pa kukisoma mji huu.

Niliwaka. Niliwapigia wazazi simu mmoja mmoja, nikawaambia hapa hatutoki, huu ni urithi. Nilisema maneno mazito ambayo mpaka leo sijui niliyatoa wapi. Jambo moja sikulisema: binti yangu Rumaisa, wa miaka tisa, hakuwa akisoma kipindi hicho. Nilimwandikisha Kifaransa. Mtoto wa Mombasa afundishwe Kiswahili darasani, kwani yeye ni Mchina? Nilijua kimo damuni, siku moja kitatoka chenyewe. Na nyumbani tulimsemesha Kiingereza kitupu, ili asiachwe nyuma na watoto wa Kihindi. Kiswahili kilikuwa cha mimi na baba yake.

Kabla ya mkutano wa kukipigia kura kipindi hicho, Madam Justine aliniambia kamati ingependa kumsikia mtoto mmoja akisema Kiswahili, ili waone kama kipindi kina faida. Everlyn, mama wa Kitale anayefanya kazi ya ulinzi mtaa wa Silicon Oasis, akamtoa binti yake Loise, ambaye hakukosa kipindi hata kimoja. Loise alikuwa anakisema vizuri tu. Lakini mimi nikamsikia anasema "hii kitabu", nikahisi ngozi inanisisimka. Kiswahili kiwakilishwe na Kitale, na mimi wa Mombasa nimekaa nikitazama? Nikamwambia Everlyn, kwa upole wa kinafiki, "Mwache Loise apumzike, mamangu. Nitamleta wangu."

Nilimfundisha Rumaisa ndani ya treni ya metro: hamjambo wazee wangu, jina langu ni Rumaisa, nakipenda Kiswahili. Aliyakariri bila kukosea, nami nikajisifu kwamba kweli kimo damuni.

Ukumbi ulijaa. Mubin alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akakaa nyuma. Nilisimama na mkoba wangu nikahutubu kwa Kiingereza. Nilisema maadili hatuyapingi, ila Kiswahili ndicho maadili yenyewe. Mtoto anayekijua anajua kumheshimu mzazi, anajua kusema na watu kwa adabu, na adabu hiyo huipata kwa kuwasikiliza wazazi wake nyumbani. Nilipigiwa makofi, na nilistahili. Kisha nikamwita mwanangu mbele.

Rumaisa akatazama zile nyuso, na niliyomfundisha yote yakamtoka. Alifungua mdomo, akaufunga. Nikamnong'oneza kwa Kiingereza aseme chochote anachokijua kwa Kiswahili, chochote. Mtoto akafikiri. Kisha akaweka mkono kiunoni, akainua kidevu, na kwa lafudhi ya Kisauni isiyo na doa akasema:

"Mimi nishachoka na wewe. Kila siku maneno, kila siku maneno. Kama hunitaki nambie, nirudi kwetu."

Sauti ilikuwa yangu. Hata ule mvuto wa pumzi mwishoni ulikuwa wangu. Wazazi wote waliojua Kiswahili wakainamisha vichwa kwa pamoja, na Mubin akaanza kukagua kiatu chake. Mwalimu Hilwa alijifunika mtandio usoni, mabega yakimtikisika. Madam Justine, masikini, alikuwa anang'aa kwa furaha. Alisema hajawahi kusikia mtoto akisema lugha kwa hisia namna ile, akaniomba nimfasirie.

Nikafasiri. Nilisema anasema hachoki kujifunza, kila siku anapata maneno mapya, na anatamani siku moja arudi kuiona nchi yao. Everlyn alikohoa sana, ikabidi apewe maji.

Kura zikapigwa. Kipindi cha Alhamisi kikabaki, wakaamua kupunguza muda wa sanaa. Watu walinipa mikono ya pongezi bila kunitazama machoni. Everlyn alikuja wa mwisho. Akaniambia, "Mama Rumaisa, hiyo Kiswahili ya mtoto ni safi sana. Ni ya Mombasa kabisa." Nikamshukuru, nikaubeba mkoba wangu nikatoka.

Nilimkuta Rumaisa koridoni na baba yake. Alikuwa amefurahi, aliona ametuokoa. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Nilisema vizuri, mama? Nilisema nini?"

Nikamwuliza yeye alidhani maana yake ni nini. Akasema hajui, ila mimi humwambia baba mara nyingi, halafu baba huenda kulala kwenye sofa. Mubin alinitazama. Nilitafuta uongo mwingine kama ule wa ukumbini, wallahi nilitafuta, nisiupate. Nikachuchumaa mbele ya mwanangu nikamfasiria neno kwa neno. Nilipofika kwenye "nirudi kwetu", nikamwambia maana yake ni kwamba mama anataka kwenda nyumbani, Mombasa.

Rumaisa akamtazama baba yake, kisha mimi.

"Na mimi," akauliza, "ulikuwa unaniacha na nani?"

Mubin akauchukua ule mkoba mkononi mwangu, nami nikamkumbatia mtoto. Nikamwambia, "Siendi popote." Kisha nikakumbuka kwamba hakuelewa, ikanibidi nimwambie tena kwa Kiingereza.