Labania Bila wa Kusema Basi

Labania ni nyeupe. Hilo nimelishikilia miaka yote na bado nalishikilia: maziwa, sukari, samli na iliki, yatosha. Kakao iliingia jikoni mwetu kwa sababu ya binti yetu wa pekee, aliyerudi siku moja kutoka shuleni akilia kwamba mwenzake alikuwa na chokoleti na yeye hana. Mama yake aliagiza kakao dukani, akaimwaga kwenye labania iliyokuwa motoni, na tangu siku hiyo nyeupe haikupikwa tena nyumbani kwangu. Nilinung'unika sana. Nilikula pia.

Kukoroga ilikuwa kazi yangu. Mimi ni seremala, mkono wangu umezoea randa, na labania ikianza kukaza yataka mkono hasa. Mke wangu alikuwa akiketi nyuma yangu juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mikono ameikunja. Mimi nimeelekea moto, jasho lanitiririka, naye ametulia kama mgeni wa harusi.

"Mpishi ni nani humu?" nilikuwa nikimuuliza.

Naye, bila hata kuinuka, husema: "Basi, bwana. Epua."

Naepua, tunamimina kwenye sinia, na ikipoa hukatika vipande safi, laini ndani, visivyonata mkononi. Hakukosea hata mara moja. Nilidhani anaichungulia sufuria, au ni pua yake inayomwambia.

Alifariki mwaka jana. Binti yetu ameolewa Maskati na hakuwahi maziko, maana sisi hatuchelewi kuzika. Mimi sikumlaumu, lakini yeye anajilaumu mpaka leo. Mwezi uliopita akanipigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia jirani yako aja huku Alhamisi. Nipikie labania ya mama, umpe aniletee. Sikumzika, baba. Nipate hata hiyo."

Nikasema inshallah, kama mtu anayejua anachokisema.

Jumanne nilipika ya kwanza. Nilikoroga nikingoja kuambiwa, kwa mazoea tu, na nilipozinduka imeshashika moto chini. Ilipopoa ilikuwa jiwe. Nyundo ninazo tele, lakini labania hailiwi kwa nyundo. Nikaketi nikaisugua sufuria peke yangu. Nyumba yetu hapa Kisauni ina majirani pande zote, watoto wao wanapiga kelele kutwa, lakini jikoni kwangu sauti pekee ilikuwa ya steliwaya. Ukiwa ulinishika siku ile hata chakula cha mchana nikakiacha.

Jumatano nikapika nyingine, nikaepua kwa kubahatisha. Ilikuwa ngumu kidogo, yavunjikavunjika, lakini yalika. Nikaitia kwenye mkebe wa biskuti, jirani akaichukua.

Jumamosi binti akapiga. Nikamsikia akitafuna.

"Si ya mama," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umechelewa kuepua, baba."

Hasira zikanipanda. "Nitajuaje? Aliyekuwa akiitazama sufuria ni mama yako!"

"Mama hakuwa akiitazama sufuria. Pale alipokuwa akikaa haioni, wewe umeiziba kwa mgongo. Akikutazama wewe. Ukichoka mkono wa kulia ukahamisha mwiko kushoto, ndipo asemapo basi. Alinifundisha hivyo. Aliniambia ajuaye ni mkono wa baba yako."

Nilimwambia simu yaisha moto, na haikuwa kweli.

Miaka thelathini na moja nilimpa mgongo mtu aliyekuwa akinitazama. Nikamwita mvivu, tena mbele ya wageni, wakacheka, naye akacheka nao. Hakunieleza, nami sikuuliza. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja akanikalia mapajani. Siku ya maziko niliumia, lakini wallahi sikuumia hivi.

Jana, baada ya alasiri, nilipika tena. Kuna mtu mwingine asafiri wiki ijayo. Nilitia sukari na maziwa, samli, iliki, na ile kakao yao, nikasimama nikakoroga. Nilijitahidi nisiufikirie mkono. Labania ikakaza, bega likaanza kuuma, na mara nikaona mwiko uko kushoto. Sikujua umehama saa ngapi.

Nikageuka. Mbuzi ilikuwa mahali pake, imekunjwa, imeegemezwa ukutani.

Nikaepua mwenyewe. Ilipopoa nikaikata, nikaonja kipande kimoja nimesimama pale pale. Ilikuwa ya mama yake hasa, na hapakuwa na mtu nyuma yangu wa kumwambia.